Mapumziko ya Mfanyakazi Yaandikwe kwa Haki

Wazee wetu walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu methali hii huambiwa mwenye duka anayekopesha unga na sukari pasina kuandika, hata mwisho wa mwezi akajikuta hana bidhaa wala hana fedha. Lakini mfanyakazi naye ana mali yake, nayo ni saa zake. Huziuza kwa mwajiri tangu asubuhi hata jioni, na katikati yake huwamo chache ambazo hakuziuza: saa ya kula, dakika za kusali, na dakika za kunyosha mgongo. Swali ninalotaka tulizungumze leo ni hili: ni nani aliyeshika daftari la saa hizo, na huandika nini ndani yake?

Nalizungumza kwa sababu daftari lenyewe limebadilika. Zamani mlangoni pa ghala au karakana alikuwako karani na kitabu chake kikubwa, au palitundikwa saa ya kupigia kadi. Siku hizi katika hoteli, maduka makubwa, viwanda na maofisi mengi ya Mombasa na miji mingine ya pwani, mfanyakazi huweka kidole juu ya kijisanduku, kikalia, na habari yake ikaingia katika kompyuta. Ndani ya kompyuta imo programu inayohesabu saa alizofanya kazi, ikatoa saa za mapumziko, na kilichobaki ikampelekea karani wa mishahara. Karani hahesabu tena kwa vidole vyake. Hupokea jumla iliyokwisha kupikwa.

Mimi si adui wa mashine hizi. Ziliondoa ubaya mmoja tuliokuwa tukiujua sote, yaani mtu kulala nyumbani kwake huku rafiki yake akimpigia kadi. Hiyo ilikuwa khiyana, na mshahara uliopatikana kwa njia hiyo haukuwa na baraka. Lakini mashine iliyomzuia mfanyakazi asimwibie tajiri yafaa imzuie tajiri naye asimwibie mfanyakazi. Hapo ndipo penye mashaka.

Sisi watu wa pwani hatukungoja kompyuta ije kutufundisha kuigawa siku. Saa zetu twazihesabu tangu jua kuchomoza na tangu jua kutua, na adhana ndiyo saa ya mji mzima. Mombasa iko karibu na ikweta, kwa hiyo adhuhuri haituhangaishi: mwaka mzima huingia baada ya saa sita kupita kidogo, na baina ya siku inayotangulia kabisa na siku inayochelewa kabisa tofauti ni kama nusu saa tu. Alasiri nayo huingia baina ya saa tisa na saa kumi. Mwashi na seremala, waliokuwa hawajui programu ni kitu gani, walijua chai ya saa nne, wakajua kuweka chini vyombo vyao adhuhuri, wakatawadha, wakasali, wakala, wakajinyosha kidogo, kisha wakarudi kazini na nguvu mpya. Hata neno lenyewe latufunza. Kupumzika ni jamaa wa kupumua, na asili ya yote mawili ni pumzi. Asiyepumzika hapumui, na asiyepumua hana kazi atakayoifanya.

Sasa tuangalie programu hizi hufanya nini. Nimeona kwamba ziko njia tatu ambazo kwazo saa za mtu hupotea, na mwenyewe asijue.

Ya kwanza ni kukata moja kwa moja. Programu huamrishwa kwamba kila aliyefanya kazi zaidi ya saa kadhaa akatwe saa moja ya chakula, awe alikwenda kula au hakwenda. Binti mmoja wa mtaani kwetu, muuzaji katika duka moja kubwa, alinionyesha hati yake ya mshahara pamoja na orodha ya saa zake. Kila siku ilikuwa imekatwa saa nzima. Aliniambia kwamba siku nyingi hula amesimama nyuma ya kaunta kwa dakika kama ishirini, tena huitwa kabla hajamaliza. Alipouliza, alijibiwa kwamba si mtu aliyekata, ni mashine. Jibu hilo halinitoshi. Mashine haina njaa wala haina tamaa. Yuko mtu aliyekaa mbele yake akaiamrisha ikate, na huyo ndiye wa kuulizwa.

Hebu tufanye hesabu. Mtu apataye dakika 20 na kukatwa dakika 60 hupoteza dakika 40 kila siku. Kwa siku 6 za wiki ni dakika 240, yaani saa 4. Kwa wiki 50 za mwaka ni saa 200. Ukizigawa kwa saa 8 za kutwa utapata siku 25. Hizo ni karibu siku zote za kazi za mwezi mmoja! Mfanyakazi amemfanyia tajiri wake mwezi wa bure, na hakuna aliyemtukana wala aliyempiga. Mali imepotea bila habari, vile vile kama wazee walivyosema.

Njia ya pili ni kukadiria. Programu nyingine hazipendi dakika kamili, hupeleka kila wakati kwenye robo saa iliyo karibu. Chukua mtu aliyetoka kwenda kula saa sita na dakika 7, akarudi saa saba kasoro dakika 7. Amepumzika dakika 46. Programu itaandika kwamba alitoka saa sita kamili akarudi saa saba kamili. Dakika 14 zimekwenda. Atasema mtu kwamba siku nyingine hesabu humwangukia mfanyakazi kwa faida. Ni kweli, lakini ni pale tu msimamizi asipomsukuma mtu kurudi mapema, na katika maduka mengi msukumo huo ndio desturi. Kwa nini basi tuwe na chombo kinachojua dakika na nukta, kisha tukiamrishe kisahau?

Njia ya tatu ni kusahihisha. Msimamizi hupewa ufunguo wa kuingia ndani ya programu na kurekebisha makosa, maana watu husahau kuweka vidole, na waashi au wafanya kazi za chumvi ambao ngozi za vidole vyao zimelika mashine mara nyingine haziwatambui. Kurekebisha si vibaya. Kilicho kibaya ni kurekebisha bila ya mwenye saa kuarifiwa, na bila ya jina la aliyerekebisha kubaki pale pale palipobadilishwa.

Jambo jingine dogo, lakini wafanyakazi wanalijua. Mahali pengine mashine ni moja tu, imewekwa langoni. Watu 120 wakitoka pamoja, na kila mmoja akachukua nukta 5 kuweka kidole chake, wa mwisho atangoja dakika 10 kutoka na pengine dakika 10 nyingine kurudi. Saa yake ya chakula imeliwa na foleni. Tena mvuta sigara anayesimama nyuma ya ghala haonekani na mashine hata kidogo, ilhali anayevuka lango kwenda msikitini kutawadha na kusali huandikwa dakika zake zote.

Wako waungwana watakaosema: haya yote ya nini? Tuaminiane kama zamani, tuache kuandikiana dakika. Maneno yao ni mazuri, na moyo wangu huyapenda, lakini dini yetu haikutufunza hivyo. Katika Suratul Baqara, aya ya 282, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, waumini wameamrishwa kuyaandika madeni yao ya muda, na mwandishi akaamrishwa aandike kwa uadilifu. Walioamrishwa si wezi, ni waumini. Kuandikiana basi si kutuhumiana, ni kuulinda udugu usije ukavunjwa na usahaulifu au shetani. Na katika Suratul Mutaffifin wamelaumiwa vikali wale ambao wakipimiwa hutaka kipimo kamili, na wakiwapimia wengine hupunguza. Sisi tumezowea kuifikiria sura hiyo tukiwa mbele ya mizani ya muuza nyama au pishi ya muuza mchele. Lakini dakika nazo ni kipimo. Tajiri amkataye mtu robo saa kwa kuchelewa dakika 8 asubuhi, kisha asimhesabie dakika 40 alizofanya kazi wakati wa kula, ana pishi mbili: moja ya kupokelea na moja ya kutolea.

Kadhalika historia ya nchi hii yatuhadharisha. Kipande, kilichowekwa na sheria ya mkoloni ya 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya kwanza, kilikuwa daftari la mfanyakazi Mwafrika, naye alilivaa shingoni. Ndani yake mliandikwa mwajiri wake, siku alizoingia na kutoka, na ujira wake. Katika mashamba ya walowezi ilikuwako pia tiketi ya siku 30, na siku ambayo bwana hakuridhika na kazi yake iliweza kuachwa bila alama. Sisemi kwamba kijisanduku cha kidole ni kipande. Nasema kwamba ubaya wa kipande haukuwa katika kuandikwa. Ulikuwa katika kwamba kalamu ilikuwa mkononi mwa mmoja tu, na mwingine alibeba alichoandikiwa pasina uwezo wa kukisahihisha. Mgomo mkuu wa Mombasa wa Januari 1947 ulikuwa na sababu nyingi, mishahara na dhiki ya maisha mbele, lakini ndani yake ilikuwamo pia hasira ya watu waliochoka kuhesabiwa na wengine.

Je, sheria ya leo yasemaje? Sheria ya Ajira ya 2007 humpa kila mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na humlazimu mwajiri kumwandikia mfanyakazi masharti ya kazi yake, zikiwamo saa za kazi, na kuweka kumbukumbu za wafanyakazi wake. Lakini urefu wa mapumziko ya chakula ya kila siku sheria hiyo haikuutaja. Umeachiwa mkataba na mapatano baina ya waajiri na vyama vya wafanyakazi. Kwa hivyo nawasihi vijana wetu: kabla hujatia sahihi, soma pale palipoandikwa saa za kazi, uulize saa ya chakula ni ndefu kiasi gani na kama inalipwa au hailipwi. Ukilinyamazia siku ya kwanza, programu itakujibu kila mwisho wa mwezi.

Akina mama wanaonyonyesha wao wamewekewa haki iliyo wazi zaidi. Sheria ya Afya ya 2017 yasema kwamba wapewe nafasi ya kunyonyesha au kukamua maziwa mbali na saa zao za kawaida za kula, isiyozidi jumla ya saa moja katika saa 8 za kazi, na kwamba muda huo uhesabiwe kuwa ni kazi. Mama ambaye programu imemkatia muda huo amedhulumiwa waziwazi, naye adai. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 humpa mtu haki ya kuziona habari zake zilizowekwa na mwingine. Alama ya kidole chako ni habari yako, na saa zako ni habari zako. Ukitaka kuziona hukuomba sadaka.

Yafaa pia tujue kwamba nyingi ya programu hizi zimetungwa ng'ambo, kwa sheria za huko. Katika jimbo la California, Marekani, mwajiri hutakiwa kumpa mfanyakazi mapumziko ya chakula ya dakika 30 kabla ya kwisha saa ya tano ya kazi. Mwaka 2021, katika kesi ya Donohue dhidi ya AMN Services, mahakama kuu ya jimbo hilo iliamua kwamba haifai kukadiria dakika za mapumziko hayo. Iliongeza kwamba kumbukumbu zikionyesha mtu hakupata mapumziko yake kamili, ni juu ya mwajiri kuthibitisha vinginevyo. Huko basi wenyewe wamekwisha kuziona hila za kukadiria. Isiwe kwamba kilichokataliwa kwao kiletwe kwetu kikiwa kipya.

Na upande wa Bara Arabu, ambako ndugu na watoto wetu wengi wamekwenda kutafuta riziki, Oman mathalan, sheria hupunguza kazi ya Waislamu katika Ramadhani hadi saa 6 kwa siku. Huku kwetu hatuna sheria kama hiyo, na nchi yetu ni ya watu wa dini nyingi. Lakini Katiba ya 2010, kifungu cha 32, humhifadhia kila mtu uhuru wa kuabudu na kushika ibada zake, na Sheria ya Ajira hukataza kumbagua mfanyakazi kwa dini yake. Kilichobaki ni mapatano ya watu wenye akili.

Mimi naona mapatano hayo si magumu. Adhuhuri huangukia ndani ya saa ya chakula, na anayepewa saa kamili kweli kweli aweza kusali na kula asimchukulie tajiri hata dakika. Alasiri ina nafasi, lakini anayetaka kuisali mwanzo wa wakati wake ahitaji dakika 10, nazo si zaidi ya dakika za chai ambazo wenzake wote hupewa. Ijumaa ndiyo yenye mazungumzo, kwa kuwa mwanamume hawezi kuisali peke yake pembeni mwa ghala, na khutba ina muda wake. Hapo haki ni kuelewana kabla: aingie mapema asubuhi au achelewe kutoka jioni kwa kiasi kile kile, na programu iandike hivyo, isiandike kwamba alitoroka. Na katika Ramadhani, mtu asiyekula mchana ana haja gani na saa nzima ya chakula? Apewe nusu saa ya adhuhuri, nusu nyingine aitumie kutoka mapema akawahi kufuturu na watoto wake. Lakini programu ipangwe hivyo kabla ya mwezi kuandama, maana isipopangwa itamkata saa ambayo hakuitumia, naye amefunga.

Kwa wenye maofisi na viwanda nina maombi manne. Kwanza, ondoeni kukata kwa moja kwa moja, mtu aweke kidole akitoka na akirudi, ikatwe ile aliyopumzika. Akiitwa kazini katikati ya chakula, saa irudi kuwa ya kazi. Pili, andikeni dakika kamili bila ya kukadiria. Tatu, kila sahihisho liwe na jina la aliyelifanya na sababu yake, na mwenye saa aarifiwe siku ile ile. Nne, kila mwisho wa wiki mfanyakazi aione orodha yake kwa Kiswahili anachokifahamu, akubali au akatae kabla ya kupelekwa kwa karani wa mishahara. Hayo hayahitaji mashine mpya. Yahitaji nia tu.

Kwa wafanyakazi nami nina neno, wala si la kuwafurahisha. Saa ya chakula ikisha imekwisha. Anayeifanya sala kuwa kisingizio cha kukaa barazani akinywa kahawa mpaka saa nane, huyo hamwibii tajiri peke yake. Humwibia pia Mwislamu mwenzake atakayekuja kesho kuomba dakika zake za haki, akaambiwa kwamba nyinyi tunawajua. Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Tukitaka daftari liwe la kweli, tuwe wa kweli sisi kwanza.

Na wewe ambaye bado huna programu, bali una daftari la kurasa arubaini mfukoni, usilidharau. Andika kila siku saa uliyoingia, saa uliyotoka kwenda kula, saa uliyorudi, na saa uliyokwenda zako nyumbani. Siku ya ubishi, mbele ya tajiri, mbele ya chama au mbele ya hakimu, kitabu hicho kidogo kitakuwa shahidi wako. Sote tutahesabiwa siku ambayo hakuna awezaye kufuta wala kukadiria, na aliyeandika kwa haki hapa duniani hataogopa kusomewa huko.